Aliye Ndani ya Vazi

Dessau, 8 Februari 1932

Ewald mdogo wangu,

Natumaini Mama hajambo na kikohozi chake kimepungua. Mimi mzima, ila jana nilipata jambo la kunikosesha usingizi, na wewe ndiye wa kuniambia kama nililie au nilicheke.

Nilipita kona ya posta nikakuta bango jipya ukutani. Nilisimama mbele yake mpaka mama mmoja mwenye kikapu akaniambia, "Binti, unaziba njia, au umeona mchumba hapo?" Lilikuwa bango la wale wanamgambo wa Mashati ya Kahawia, la uchaguzi wa mwezi ujao. Matusi yake ni yale yale tuliyoyazoea. Kilichonisimamisha ni mkono uliolitengeneza. Picha ya mfanyakazi imekatwa kwa mkasi hadi ukingo wa sikio, imelazwa mshazari, chini yake mstari mnene mwekundu. Herufi zimenyooka, hazina mikia wala ndevu. Na upande wa kushoto pameachwa peupe, papana, bila kitu.

Nani katika wilaya yetu nzima anaacha peupe kushoto? Wachapaji wa huko kwetu wakiona mahali patupu wanapachika ua, au tai mwenye mbawa. Mimi ndiye niliyekufundisha hilo, Krismasi ile, juu ya meza ya Mama, kwa magazeti ya zamani na gundi ya unga. Ulinicheka ukasema marehemu Baba angefufuka aje atuchape wote wawili kwa kuzitupa herufi zake nzuri za kizamani. Kumbe ulikuwa unasikiliza.

Na unajua bango lenyewe linasema nini, maana wewe ndiye uliyelipanga. Linasema Shule yetu ya sanaa na ufundi ni pango la wageni, ifungwe. Ewald, umechukua mkasi wa Shule ukaikatia Shule.

Nataka jibu moja tu. Unawachapia, au umevaa shati lao?

Sisi tunajiandaa na onyesho la tarehe ishirini na saba katika ukumbi wa bia wa mzee Pohl. Tangu mwalimu wetu wa jukwaa aondoke hatuna chumba, lakini mavazi yake tuliyaokoa, na ngoma tunazikumbuka. Kuna ile ya fimbo: mchezaji anafungwa fimbo ndefu nyeupe mikononi na miguuni, amevaa nguo nyeusi, akikunja kiwiko kidogo tu, fimbo inachora mstari ukumbi mzima. Kanuni yetu ni ile ile, aliye ndani ya vazi hana jina. Tunapiga kura kwa njiti, hatumwambii mtu, na mwisho hakuna anayevua kinyago kuja kuinama apigiwe makofi. Watu waje kuona mstari na uzito, wasije kumwangalia binti wa fulani.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Tilla


Köthen, 12 Februari 1932

Dada Tilla,

Umeanza ualimu tena. Sikujua kama mahali peupe pana mwenyewe na hati miliki.

Jibu lako hili hapa. Bwana Gerlach mwenye kiwanda cha chapa ndiye anayepokea kazi, mimi napanga herufi. Akija padri napanga zaburi, akija mwenye duka la soseji napanga soseji, wakija hao napanga hayo. Nusu ya vijana niliosoma nao wanazurura sokoni wakicheza karata, na wewe unataka nichague wateja. Nani atamlisha Mama, zile fimbo zenu?

Na nikwambie, kiongozi wao wa hapa aliliangalia lile bango kwa muda mrefu, akanishika bega mbele ya wote. Akasema, "Kijana, hili linapiga kelele bila mdomo." Tangu Baba afe hakuna mtu aliyenishika bega. Wewe umepata Shule, na walimu, na wenzako wa kubishana nao kuhusu duara na pembetatu. Mimi nimepata siku ile moja. Usinipokonye.

Mama anasali kwa ajili yako. Anasema watu wazima wanaovaa ndoo kichwani na kuita sanaa wana njaa au wana homa, na kama Shule ingekuwa na maana ingekuwa imekupa mume badala ya fimbo. Usinilaumu, mimi ni mpiga mbiu tu.

Sikiliza lakini. Jumamosi hiyo ya ishirini na saba njoo nyumbani. Mama atakaanga chapati za viazi na kupika rojo la tofaa. Onyesho litakwenda bila wewe.

Mdogo wako,
Ewald


Dessau, 16 Februari 1932

Ewald,

Hukujibu. Nilikuuliza habari za shati, ukanipa soseji.

Lile la bega limenichoma, sikufichi. Sikujua. Nimekuwa nikikuletea barua zilizojaa Shule kana kwamba huko hakuna mtu anayetaka kuonwa. Kwa hilo nisamehe. Lakini mkono uliokushika bega ndio huo unaotaka kutufukuza hapa, na wewe si mtoto.

Jumamosi siwezi kuja. Kazi yangu ni taa na mabango, na bila taa hakuna ngoma. Mwambie Mama asihofu, mimi sipandi jukwaani, nitakuwa nyuma kabisa karibu na swichi.

Imre anakusalimu. Ndiye yule Mhungari niliyekusimulia, anayetengeneza vinyago na kuimba vibaya. Anasema mtu aliyeacha peupe namna ile aje asome hapa, atampisha kitanda chake. Yeye mwenyewe hana pengine pa kulala duniani. Kwao gereza linamsubiri kwa vikaratasi alivyovichapa akiwa mwanafunzi, na kibali chake cha kukaa hapa huangaliwa upya kila miezi michache.

Kwa nini Jumamosi hiyo, Ewald? Mbona Jumapili hukunialika?

Tilla


Köthen, 25 Februari 1932

Dada,

Mama anaumwa sana. Amelala kitandani tangu jana. Panda treni ya Jumamosi asubuhi bila kukosa. Usilete ubishi.

Ewald


Dessau, 2 Machi 1932

Ewald,

Utashangaa kuona barua imepigwa taipu, tena vibaya. Nilianguka kwenye ngazi za bweni nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Daktari amekifunga plasta hadi kiwiko. Nimemwandikia Mama hivyo hivyo, usimtie wasiwasi zaidi.

Mama mwenyewe amenijibu kwa kadi. Anasema wiki yote iliyopita alikuwa mzima kama kengele, na Jumamosi alifua mapazia.

Nadhani habari zetu zimefika huko. Waliingia katikati ya ngoma ya fimbo, ishirini au zaidi, na miguu ya viti mikononi. Walivunja taa kwanza. Mzee Pohl ameshonwa kichwani. Kijana wao mmoja, Lothar Stenzel, ametobolewa jicho na ncha ya fimbo, na wanasema halitapona. Kwa hiyo sisi ndio wakosaji. Polisi walimkuta Imre ameshika kinyago cha ile ngoma, wakasema basi ndiye aliyekuwa ndani, wakamchukua. Yeye hasemi ndiyo wala hapana. Amewaambia tu kwamba aliye ndani ya vazi hana jina, wakadhani anawakejeli.

Akihukumiwa watamfunga kidogo hapa, au hawatamfunga kabisa. Watamvusha mpaka, na upande wa pili atapokewa na pingu.

Jumamosi ile usiku ulikuwa wapi?

Tilla


Köthen, 6 Machi 1932

Dada Tilla,

Pole sana na mkono. Nilikwambia tangu zamani ngazi zile za chuma zitakuua, nyumba gani ile iliyojengwa kama meli. Kunywa maziwa, na usijifanye jasiri ukaanza kushika mkasi kabla ya wakati.

Kuhusu Mama, haya, nilidanganya. Nilisikia kiwandani kwamba kutakuwa na fujo, ningefanyaje? Ungekuja kula viazi ningekuwa nimekosa nini? Ashukuriwe Mungu ulikuwa kwenye swichi.

Mimi nilikuwa nyumbani. Muulize yeyote.

Kuhusu Mhungari wako, usijitie. Alijizungusha mara moja kama mlango uliopigwa na upepo, fimbo ikamwingia Lothar, kisha akapiga magoti pale pale kimya, bila hata kuguna. Mtu mwenye moyo angepiga kelele. Lothar ana miaka kumi na tisa, dada. Alikuwa anajifunza useremala. Mtamhurumia nani ninyi, mnamhurumia mtu wa nje na huyu wa kwetu mnamwita mkosaji.

Kaa mbali na kesi hiyo. Nakuomba kama mdogo wako.

Ewald


Dessau, 9 Machi 1932

Ewald,

Njia ya mwongo fupi, na yako imeishia kwenye ukurasa mmoja.

Ulikuwa nyumbani, lakini unajua kwamba mtu wa fimbo alipiga magoti bila kuguna. Taa zilikuwa zimeshapasuliwa, ikabaki moja tu ya pembeni. Aliyeona magoti yale alikuwa umbali wa mkono. Na jana wakili wa Imre alitusomea jina la shahidi anayeapa kwamba alimtambua Mhungari kwa mwendo wake. Ni Ewald Kratzsch, mpanga herufi, wa Köthen.

Sasa kaa chini, usisome hili umesimama.

Njiti fupi niliivuta mimi. Aliyekuwa ndani ya vazi la fimbo ni mimi. Sikukwambia kwa sababu ya kanuni, na kwa sababu Mama angekufa kwa hofu, na tangu lile bango sikujua tena nikwambie nini na nikufiche nini.

Kile kinyago kina matundu mawili madogo kama tundu la kifungo. Nilisikia buti, nikasikia vioo, lakini nikaendelea kucheza, maana tumefundishwa kwamba vazi haliogopi. Halafu ukaingia kwenye tundu la kushoto. Ulikuwa umetoa ulimi pembeni mwa mdomo, vile unavyofanya ukipanga herufi ndogo. Nilitaka kukuita. Ndani ya kile kinyago sauti haitoki, inakurudia mwenyewe masikioni. Nilikuita mara mbili, Ewald. Ukanipiga kwenye mkono wa kulia kwa mguu wa kiti, kwa nguvu zako zote, na mfupa ukalia.

Mwili ulijikunja wenyewe. Fimbo ya mkono wa kushoto imefungwa kwenye mwili, mwili ukienda nayo inakwenda. Ndiyo iliyompata yule kijana. Sikumkusudia, na jicho lake silisahau hata nikifumba yangu. Imre ndiye aliyenivua kinyago nipate hewa, akanisukuma mlango wa nyuma, akabaki nacho mkononi. Anajua ni mimi. Ananyamaza kwa ajili yangu.

Sikuombi uje useme jina langu. Nakuomba kitu kidogo zaidi, nacho ni kweli tupu: waambie hukumwona aliyekuwa ndani. Hakuna aliyemwona, vazi lilitengenezwa hivyo. Ukisema hivyo Imre atatoka, na mimi sitalitaja jina lako kwa mtu yeyote mpaka naingia kaburini. Kesi ni Alhamisi ya tarehe kumi na saba.

Tilla


Köthen, 13 Machi 1932

Dada,

Leo ni siku ya kura. Nje wanaimba, na mabango yangu yako kila ukuta, nimejifungia chumbani.

Nimesoma barua yako mpaka mwisho. Niliona kitu cheupe na cheusi, kirefu, hakina uso, kinasogea kana kwamba sisi hatupo. Kila mtu alikuwa anapiga kitu. Nikapiga hicho kwa kuwa hakikuwa mtu. Kwa nini mlitengeneza kitu kisicho mtu? Kwa nini hukukimbia?

Naam, nimevaa shati lao, tangu Oktoba. Umeridhika?

Lakini uliloniomba siliwezi. Nimeshatia sahihi. Nikisema sikumwona, Stenzel mkubwa, kaka yake Lothar, atataka kujua nani basi. Na wale wenzako watabanwa mmoja mmoja mpaka atapatikana wa kusema. Wakijua ni wewe, utafungwa. Hiyo ni ukibahatika, maana Stenzel mkubwa hangojei hakimu. Ninyi mnamjua kwa kumsikia, mimi nakaa naye meza moja.

Mhungari atapanda treni. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Yeye mwenyewe amechagua kunyamaza, basi mwache anyamaze. Na wewe nyamaza. Umemwambia Mama ulianguka kwenye ngazi, hadithi nzuri, kaa nayo.

Nakuomba, Tilla. Nimekuvunja mkono, usinifanye nikupoteze mzima mzima.

Ewald


Dessau, 15 Machi 1932

Ewald,

Nusu shari unayoisema ina jina, na ina miaka ishirini na mitatu, na juzi ilileta salamu kutoka mahabusu kwamba niloweshe udongo wa vinyago usikauke.

Alhamisi nitakuwepo. Utaulizwa wewe kwanza. Useme kweli, nami nitabaki nimekaa. Usiposema, nitasimama.

Tilla


Köthen, 19 Machi 1932

Dada Tilla,

Unakataa kunifungulia mlango, basi nakuandikia. Soma mpaka mwisho kabla hujachana.

Nilipoingia pale mahakamani sikuwa nimeamua. Naapa kwa Baba. Nilikuona umekaa na ile plasta, Mama mbele yako na kofia yake ya kanisani, na nyuma yangu mstari mzima wa mashati. Hakimu aliponiuliza kama aliyekuwa ndani ya vazi ni mshtakiwa, nilifungua mdomo nikasikia sauti ikisema ndiyo. Ilikuwa yangu.

Ukasimama. Ulisema, "Si yeye. Ni mimi," bila kutetemeka. Ukanyoosha mkono ukasema mtu wa shati la kahawia alikupiga hapo, ndipo fimbo ikaruka. Nikamwona Stenzel mkubwa anageuza shingo polepole kukuangalia, kukupima. Wewe hukumwona, ulikuwa unaniangalia mimi. Ungeliona jicho lile usingeniandikia ulivyoniandikia kwenye kile kikaratasi cha lawama ulichonipitishia chini ya mlango.

Hakimu akaniuliza, "Shahidi, huyu ni nani wako?" Nikasema dada yangu. "Anasema kweli?" Ndipo nilipojua la kufanya, Tilla, na nililifanya kwa akili timamu. Nikasema, "Mheshimiwa, dada yangu anampenda huyo Mhungari. Atasema lolote. Ule mkono aliuvunja kwenye ngazi za bweni, ametuandikia mwenyewe. Muulizeni mama yetu." Na Mama akasimama, maskini, akiona fahari kwamba ameulizwa jambo na hakimu, akasema ndiyo, Mheshimiwa, ngazi, zile ngazi za chuma, siku zote nilimwonya.

Walicheka. Nilisikia wanavyocheka, na nikamshukuru Mungu, kwa sababu Stenzel mkubwa naye alicheka, akarudisha shingo yake mbele. Mwanamke anayechek­wa kwa mapenzi hafuatwi na mtu hadi nyumbani.

Nimekuokoa. Hutaki kuliona leo, utaliona siku nyingine. Wewe uko huru, unalala kitandani kwako. Kama ingekuwa kesho tena ningesema vile vile, neno kwa neno.

Mama anauliza kwa nini ulitoka bila kumuaga. Amekuwekea chapati za viazi mpaka zimekauka.

Mdogo wako daima,
Ewald


Dessau, 24 Machi 1932

Ewald,

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyotaka.

Nakubali kwamba uliniokoa. Nilimwona Stenzel baadaye mlangoni, na nikaelewa. Ulikuwa na hofu kwa ajili yangu na hofu yako ilikuwa ya kweli. Nimejaribu kuichukia nikashindwa, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko mkono. Ungekuwa mwovu tu ningepumzika.

Lakini niliposimama pale nilikuwa na kitu kimoja cha kumpa Imre, nacho ni neno langu, na wewe ulilichukua ukalifanya kichekesho. Nilisema jambo gumu kuliko yote niliyowahi kusema, wakanicheka kama msichana aliyefumaniwa na barua ya mapenzi. Karani alikuwa ameweka kalamu chini. Halikuandikwa hata kwenye kumbukumbu za kesi. Hapo ndipo nilipojua maana ya kutokuwa na jina, na haikuwa ile tuliyofundishwa.

Nilikuahidi kulificha jina lako ukisema kweli. Hukusema kweli, na mimi hata hivyo sikulitaja. Midomo yangu ilikuwa imeshafunguka kulisema. Lakini Mama alikuwa mbele yangu na ile kofia.

Mwambie ukweli au usimwambie, hiyo ni juu yako sasa. Mimi sitakuja Pasaka. Plasta itatolewa mwezi ujao, daktari anasema vidole viwili havitarudi kama zamani, kwa hiyo ninajifunza kukata kwa mkono wa kushoto. Huku wanasema baraza la mji litaifunga Shule kabla ya mwaka kwisha. Mabango yako yamefika hadi kwenye lango letu. Ni mazuri, Ewald. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza husimama kuyaangalia, na siwezi kuwaambia wasijifunze kwayo.

Jana walimpandisha Imre treni ya Prague, ambayo itampeleka mbele hadi mpakani kwao. Askari wawili, mmoja kila upande. Tulikwenda kituoni watu saba. Hatukuimba, hatukubeba kitu. Alikuwa amenyolewa na alionekana mdogo, na alituchekesha kidogo kuhusu supu ya mahabusu, kwamba ilikuwa na umbo zuri lakini haikuwa na maudhui.

Treni ilipopiga filimbi aliinama dirishani akanishika mkono huu mzima. Alisema, "Tilla, jambo moja tu, nisiende nalo moyoni. Mle ndani mimi nilimwona mgongo tu. Aliyekuvunja mkono alikuwa nani?"

Askari wote wawili walikuwa wanasikiliza. Lakini sikulificha jina kwa ajili yao.

Nilimwambia, "Simjui."

Nimerudi kwa miguu kutoka kituoni nikijiuliza kama nilimdanganya rafiki yangu siku ya mwisho. Sikumdanganya.

Ottilie Kratzsch